Usishone bado

Mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia Goma, mashariki mwa Kongo, umeme ulikatika, maji yakakatika, simu zikawa hazina maana. Hospitali yetu, CBCA Ndosho, ilikuwa na vitanda 146. Vilijaa, na wagonjwa wakaendelea kuletwa kwa pikipiki, kwa migongo ya ndugu zao, hata ikabidi walazwe chini ya mahema. Wapasuaji wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, tuliozoea kuwaita watu wa CICR, walikuwa katika chumba cha upasuaji mchana na usiku pamoja na sisi wenyeji.

Mimi nilikuwa na vijana wangu, madaktari wanaojifunza upasuaji. Anatomia waliijua kwa Kifaransa cha vitabuni. Ukiwauliza kilichomo kwenye kinena, watakuhesabia kutoka nje kwenda ndani: neva, ateri, vena. Lakini risasi haiheshimu mpangilio huo. Inapopita ndani ya paja husukuma nyama pembeni kwa nguvu, tundu linafunguka na kujifunga kufumba na kufumbua, na uchafu wa njiani pamoja na vipande vya nguo hufyonzwa humo. Juu ya ngozi unaona kitobo kidogo tu. Ndani, msuli umekufa mbali na njia ya risasi.

Basi somo letu likawa msuli wenyewe. Rangi yake ikoje? Umelegea? Ukiubana kwa koleo, unajikunja? Ukiukata, unatoa damu? Usiojibu unaondolewa. Kisha kidonda kinasafishwa, kinafunikwa kwa bandeji na kuachwa wazi siku 4 au 5 kabla ya kufungwa. Hapo ndipo vijana waliposhindana nami, maana chuoni walisifiwa kwa kushona vizuri. Mmoja, hodari kuliko wote, mkono wake ulikuwa ukiifuata sindano bila hata kufikiri. “Usishone bado,” nilimwambia mpaka sauti ikakauka.

Sitajifanya shujaa. Kulikuwa na usiku niliotamani kuvua koti niende kwangu nikajue kama watoto wako hai. Mabomu yalisikika, na habari za nyumbani hazikufika. Nilichofanya ni kuchukua boksi tupu la serumu na kuchora mguu: vyumba vinne vya misuli ya chini ya goti, neva ipi inapita wapi, na mahali pa kupasua ngozi shinikizo likipanda kabla mguu haujafa. Vijana wakachuchumaa kunizunguka. Walikuwa wakiniuliza maswali ya kweli, na mtu anayetafuta jibu la kweli hana nafasi ya kutetemeka. Namshukuru Mungu kwa boksi lile.

Asubuhi moja mama wa mgonjwa alimkamata yule hodari mlangoni. “Docta, juu ya nini hamushone mutoto wangu? Munamuacha wazi hivi?” Nikanyamaza nimsikie. Akamjibu taratibu kwamba usaha ukifungiwa ndani utaula mguu, kwamba kidonda kitafungwa kikishakuwa safi.

Siku ya kufunga ilipofika, kidonda kilikuwa chekundu, safi. Nilimwachia yeye sindano, mimi nikawa msaidizi wake. Fundo la tatu alilikaza mno, ngozi ikaanza kupauka, nikamwambia alifungue arudie.