Mlima wa Lushoto Hulifichua Gari la Mtumba

Anayetaka kulifahamu gari lake asilizungushe Kariakoo na Ilala tu. Alipandishe Lushoto. Kutoka Mombo, pale barabara ya Lushoto inapoiacha barabara kuu ya Tanga na Moshi, hadi mjini Lushoto ni kilomita 33 hivi, lakini katika mwendo huo mfupi gari hupanda karibu mita 1,000. Barabara ni ya lami, nyembamba, imechongwa ubavuni mwa Milima ya Usambara. Upande mmoja jabali, upande wa pili bonde. Chini Mombo joto linachoma. Ukifika Soni, penye maporomoko ya maji, watoto wanaanza kudai masweta.

Nilisafiri njia hiyo pamoja na jirani yangu wa Dar es Salaam, mfanyakazi wa kiwandani, mkewe na watoto wao wawili. Gari lilikuwa lao, Toyota RAV4 ya miaka ya mwanzo ya 2000, lililonunuliwa kwa mkopo wa chama cha kuweka na kukopa, nao mkopo huo ulikuwa na miaka miwili mbele yake. Safari haikuwa ya matembezi. Mama mzazi wa jirani yangu, anayeishi juu ya Lushoto, alikuwa na miadi ya kliniki Korogwe siku ya Jumatatu, na magoti yake hayakuweza tena kuhimili msongamano wa basi.

Magari ya namna hii yameenea mno katika miji yetu, na sababu zake si ngumu. RAV4 ilianza kutengenezwa mwaka 1994: gari fupi, lililoinuka kidogo, lenye kuvuta kwa magurudumu manne, lakini halinywi mafuta kama magari makubwa ya safari. Huko Japani gari jipya hukaguliwa kwa mujibu wa sheria baada ya miaka 3, na baadaye kila miaka 2. Kwa kuwa ukaguzi huo na matengenezo yake ni ghali, wengi huona ni heri wauze. Usukani wao uko kulia kama wetu, basi meli huyaleta.

Hata hivyo, bei ya kulinunua ni mlango tu wa gharama. Bandarini lipo deni la ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, na gari lililozeeka huongezewa ushuru kwa ajili ya umri wake. Ada ya leseni ya kila mwaka ilifutwa mwaka 2017 ikahamishiwa kwenye bei ya mafuta. Kwa hiyo bado tunailipa, ila kituoni. Bima ni lazima. Kuhusu petroli, injini ya lita 2 hutumia takriban lita 10 kwa kilomita 100, na pungufu ya hapo ni maneno ya dalali.

Tulipita Chalinze na Segera salama salimini. Barabara ya tambarare ina tabia ya kulisifu kila gari. Mwenye gari alikuwa akinieleza jinsi mshale wa joto usivyopanda hata kidogo, nami niliona kwamba kweli ulilala chini kuliko kawaida. Jambo hilo, ndugu msomaji, si la kufurahia.

Kilomita chache baada ya kuanza mlima mshale uliinuka. Ulifika katikati, ukapita. Jirani yangu alizima kipoza hewa, akafungulia hewa ya moto ndani ya gari ili kuipunguzia injini joto, nasi tukaloa jasho. Mvuke ulipotokea mbele alisimama penye upana kidogo, akaweka jiwe nyuma ya tairi. Mtoto mkubwa alikwisha kushika chupa ya maji akitaka kuimwaga. Mama yake alimrudisha nyuma kwa ukali, na alifanya vyema: kifuniko cha rejeta ya moto kikifunguliwa, maji huruka na kuunguza uso.

Tulingoja muda mrefu, kisha tukateremka taratibu hadi kwa fundi wa Mombo, kijana mwenye ovaroli iliyokwisha rangi. Hakugusa spana kwanza. Alichovya kidole katika maji ya rejeta, akakitazama. Kilikuwa chekundu kwa kutu.

"Kaka, hili linanyweshwa maji ya bomba," alisema. "Na themostati nani kaitoa?"

Mwenye gari alikumbuka gereji moja ya mtaani kwake, ambako gari lilipelekwa likichemka na kurudishwa "limepona". Lilikuwa halijapona. Themostati ni kilango kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake. Ikiondolewa, injini hubaki baridi katika tambarare na kutumia petroli zaidi, huku ugonjwa wenyewe, yaani rejeta iliyoziba kwa kutu na chumvi za maji, ukiendelea kujificha. Mlima ndio uliofichua.

Fundi alikuwa na hofu kubwa zaidi, na alituambia bila kuzunguka. Injini za RAV4 za kizazi kilichoanza mwaka 2000 zina bloku ya alumini. Joto likizidi mara kwa mara, nyuzi zinazoshika boliti za silinda hedi huweza kung'oka ndani ya bloku. Hapo gasketi huachia na maji hupotea pasipo tone kuonekana chini. Kubadili gasketi peke yake hakusaidii. Sharti matundu yachongwe upya na kutiwa nyuzi za chuma, kazi ya siku kadhaa na ya fedha nyingi. Shemeji aliposikia hayo alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akawa anahesabu kwa vidole.

Wakati fundi akipima, tulizungumza maradhi mengine. Baadhi ya magari hayo yaliyouzwa Japani yana injini ya D-4, inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya shinikizo kubwa. Petroli chafu ni adui yake, na masizi hujaa kwenye njia za hewa hadi injini itetemeke ikisimama. Bushi na beringi huliwa na mashimo yetu. Tairi zisizolingana ukubwa huuchosha mfumo wa magurudumu manne. Namba za kilomita kwenye dashibodi mimi siziamini kabisa. Afadhali kuinama na kutazama kutu chini ya gari, hasa kama lilitoka kaskazini ya Japani ambako barabara hutiwa chumvi kuyeyusha theluji.

Hedi ilikuwa nzima. Fundi alileta rejeta iliyotumika lakini safi, themostati na maji maalumu ya kupozea, na akafanya kazi hadi taa zilipowashwa. Gharama yake ilimeza rejesho la mkopo la mwezi ule, tena na chenji ya sukari. Sisi tulipanda kwa basi dogo, watoto wamelala mapajani mwetu.

Asubuhi jirani yangu alishuka Mombo na kulipandisha gari peke yake. Mshale ulisimama katikati bila kuyumba. Jumatatu mama alikaa kiti cha mbele, khanga mbili mabegani. Mwanawe aliweka gia namba 2 ili injini ndiyo izuie mwendo, breki zisiungue, na wakateremka Korogwe polepole, malori yakiwapigia honi nyuma.