Laptopu Mpya ya Video, na Amana za Mabibi Harusi

Wengi wenu mnatujua kwa mashela. Sisi ni wawili, mtu na mdogo wake, na tulianza na cherehani: tulimaliza skuli kidato cha nne, tukasoma kozi ya ushonaji, tukafungua chumba kimoja cha kushonea hapa Unguja. Kamera ilikuja baadaye, kwa sababu mabibi harusi tuliowashonea walikuwa wakiuliza lile lile: nani atatupiga video usiku wa wanawake? Mpigaji mwanamme haingii. Basi tukaingia sisi.

Usiku ule mnaujua ulivyo. Simu zinakusanywa mlangoni, mabaibui yanavuliwa, bibi harusi anatoka nywele zimetengenezwa tangu mchana, hina na piko mpaka viwikoni. Kinachobaki ndani ya kamera yetu ni kitu ambacho hata mtoto wa ami yake, aliyekua naye nyumba moja, hana ruhusa ya kukiona. Kwa hiyo leo, tunapotaka kuzungumza kuhusu laptopu ya kuhariria video, RAM ngapi na diski kubwa kiasi gani, msitushangae tukianza na habari ya aibu iliyotukuta.

Laptopu yetu ya mwanzo ilikuwa ya mkono wa pili, RAM 8GB, na diski ya kuzunguka ya 500GB. Kwa kuandikia risiti na hesabu za vitambaa haikuwa na neno. Kwa video ilikuwa mateso. Mwaka jana Mfunguo Mosi harusi zilifuatana, tukawa na kazi za mabibi harusi kumi na moja humo ndani, na siku moja ikaganda na haikuwaka tena. Tukaipeleka kwa fundi. Akasema iacheni, niandikieni na nenosiri, mje kesho. Tukakataa. Tukakaa pale dukani tangu baada ya Alasiri mpaka Isha inakaribia, tukiiangalia.

Fundi hakuwa mtu mbaya. Alipofanikiwa kuiwasha alitaka kujua kama mafaili yamesalimika, akabonyeza moja bila kuuliza. Kioo kilikuwa kimeelekea mezani, na mbele ya meza wanaume wawili walikuwa wanasubiri simu zao. Bibi harusi akatokea, kichwa wazi, anacheka. Tulifunga kifuniko kwa mikono miwili. Zilikuwa kama sekunde tatu, nne.

Tulimwambia mwenyewe. Tulijadiliana usiku mzima kama tunyamaze, maana nani angejua, lakini tulipokea picha zile kama amana, na amana haifichwi mwenyewe ikiharibika. Alinyamaza kwenye simu, kisha akasema afadhali mmeniambia. Mama yake hakusema hivyo. Pesa tulirudisha zote.

Sasa, tukarudi nyuma kutazama kosa lilianzia wapi. Halikuanzia kwa fundi. Lilianza siku tuliponunua mashine bila kujua inahitaji nini.

Kwa sisi mafundi wa nguo ni rahisi kuelewa. RAM ni meza ya kukatia. Diski ni kabati la vitambaa. Meza ikiwa ndogo huwezi kutandaza shela lenye mkia wa mita tatu; utakata kipande, ukunje, urudishe kabatini, utoe kingine. Kompyuta inafanya hivyo hivyo: RAM ikijaa, inaanza kuhamishia kazi kwenye diski na kuirudisha. Na diski ya kuzunguka inasoma kama megabaiti 100 hivi kwa sekunde ikiwa katika hali nzuri, wakati SSD ya kawaida inafika 500, na zile nyembamba za NVMe zinapita 2,000. Sisi tulikuwa na meza ndogo na kabati lililo mbali, vyote viwili pamoja. Ukitaka kuona kwenye mashine yako mwenyewe, wakati unahariri bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utazame pale palipoandikwa Memory. Yetu ilikuwa haishuki asilimia 95.

Waliotengeneza programu wenyewe wanasema. Premiere Pro wanataka 8GB kwa uchache kabisa, 16GB kwa video ya HD, na 32GB kwa 4K. DaVinci Resolve, ambayo ina toleo la bure na ndiyo tunayotumia, 16GB ndio mwanzo wa kustarehe. Kwa hiyo muuzaji akikwambia 8GB inatosha kuhariria harusi, jua anataka kuondoa mzigo dukani.

Tulizunguka Darajani siku mbili. Duka moja walitusukumia laptopu nyembamba mno, nzuri mashaallah, RAM 32GB lakini diski 512GB, na RAM yenyewe imegandishwa kwenye bodi, haiongezwi wala haibadilishwi. Bei ilikuwa juu ya uwezo wetu kidogo, tukashawishika. Kilichotuzuia ni kupiga hesabu ya kabati.

Hesabu yenyewe hii hapa, na ninyi mnaotaka kuingia kazi hii muiweke. Kamera ikirekodi 4K kwa kiwango cha megabiti 100 kwa sekunde, saa moja ni kama 45GB. Sisi tuna kamera mbili, kila moja inafanya saa tatu usiku mmoja. Hiyo ni 270GB, harusi moja! Halafu Windows na programu zinataka nafasi yao, na SSD haipendi kujazwa mpaka pomoni, inakuwa nzito. Diski ya 512GB ingechukua harusi moja tu, ya pili tungeiweka wapi? Kwenye fleshi? Na msisahau kuwa 1TB mkiifungua Windows itawaonesha kama 931GB. Hamkuibiwa, ni namna mbili tofauti za kuhesabu, lakini kaa ukijua, kama kitambaa kinachorudi kikifuliwa.

Tukachukua ya pili: RAM 16GB ikiwa kipande kimoja na tundu la pili liko wazi, SSD ya NVMe 1TB, na ndani pana nafasi ya kuweka SSD nyingine. Ni nzito, chaja yake kama tofali. Kabla ya kulipa tulimwomba muuzaji afungue mgongo wa mashine mbele yetu, tukayaona hayo matundu kwa macho. Alinuna, akafungua. Miezi mitatu baadaye tulipopata nafasi tuliongeza kipande kingine cha 16GB, na vipande viwili vinavyofanana vinafanya kazi kwa kasi zaidi ya kimoja. Mambo ya kadi ya grafiki na prosesa yana umuhimu wake, lakini tukiingia huko hatutoki leo.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya: kama pesa hazitoshi vyote, RAM 16GB inayoweza kuongezwa, halafu pesa iliyobaki itie kwenye diski. RAM ndogo itakuchelewesha. Diski ndogo itakulazimisha kutawanya picha za watoto wa watu kwenye fleshi na simu, na hapo ndipo zinapopotea.

Na kabati likiwa kubwa, lina kufuli? Hili ndilo hatukuwahi kulifikiria. Nenosiri la kuwashia mashine peke yake si kufuli. Mtu akiitoa diski na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine anasoma kila kitu. Windows Pro ina BitLocker, inafunga diski nzima, ya ndani na hata ya nje ya kuchomeka, isomeke kwa mwenye ufunguo tu. Windows Home haina BitLocker kamili, kwa hiyo ulizeni dukani ni ipi. Ukiiwasha inakupa ufunguo wa akiba wa tarakimu 48. Tumeuandika kwenye karatasi, upo kwenye kasha la marehemu bibi, chini ya khanga zake. Ukiupoteza na mashine ikikudai, hata fundi hodari hakusaidii.

Diski ya nje tunayo moja ya 2TB, tuliinunua duka la kueleweka. Zile za mtaani zinazoandikwa 2TB kwa bei ya sahani ya biriani, nyingi uwongo. Zinapokea mafaili kwa tabasamu, kumbe zinaandika juu ya yale ya mwanzo. Ipo programu ya bure inaitwa H2testw, inaijaza diski yote kisha inasoma tena kuona kama kilichoandikwa kipo. Inachukua saa nyingi, iache ikifanya usiku.

Siku hizi mwenye harusi akishapokea video yake na kusema imefunguka, tunamuuliza: tukuhifadhie au tufute? Wengi wanasema futeni.

Laptopu ya zamani ilipata mteja, kijana wa chuo. Tulimuuzia bila diski, akapunguziwa. Faili lililofutwa kwenye diski ya kuzunguka linaweza kurudishwa mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, kwa hiyo diski yenyewe tuliipiga nyundo uani mpaka sahani za ndani zikapasuka kama gilasi. Jirani akauliza tunapasua nazi ya nini usiku.

Yule bibi harusi hakuturudia. Mdogo wake alikuja mwezi uliopita kushona shela. Tukampima, tukachagua lesi pamoja, akacheka nasi vizuri. Habari ya video hakuiuliza, na sisi hatukumtajia.