Muziki wetu unakonda, na kinachokatwa ni sebene

Kila siku ya posho mchana ninaongoza kipindi cha salamu na muziki kwenye radio moja ya hapa Bukavu. Sheria ya kipindi ni hii: wimbo usipite dakika tatu na nusu, maana kuna matangazo ya vifo, matangazo ya biashara, na watu wanaongoja kusalimia ndugu zao wa Uvira, Kamituga na Walungu. Nyimbo za vijana wa leo zinaingia ndani ya nafasi hiyo bila shida. Za wazee haziingii. Ukiweka Mario ya Franco na TPOK Jazz, ya mwaka 1985, ni karibu dakika 14, na salamu za watu zimelala.

Kwa hiyo tunakata, na karibu kila mara tunakata mahali pamoja. Waimbaji wakimaliza maneno, gitaa ya solo ikianza kuzunguka, ngoma ikibadilisha mwendo, yaani sebene ikiingia, sauti inateremka na mimi ninasoma salamu. Mwezi uliopita mzee mmoja wa Kadutu alipiga simu. Hakuwa na ndugu wa kusalimia. Alisema tu: «Mutoto, munatupikia chakula, munatandika meza, tukisha kunawa mikono munaondoa sahani.» Kisha akakata.

Mzee alikuwa anailaumu radio, lakini siku hizi wanamuziki wenyewe ndio wanaondoa sahani, hata kabla wimbo haujatufikia. Mfano mkubwa ni Fally Ipupa. Alikomaa ndani ya Quartier Latin ya Koffi Olomidé, akatoka na kutoa Droit Chemin mwaka 2006, albamu ya gitaa nyingi, ya waimbaji wengi, ya nyimbo zinazokwenda polepole mpaka kwenye dansi. Mwaka 2017 akatoa Tokooos. Humo kuna Eloko Oyo, kuna wimbo na Aya Nakamura, kuna midundo ya kompyuta na viitikio ambavyo hata mtu asiyejua Lingala anavishika mara ya kwanza. Watu waligawanyika. Hapa Nyawera nilisikia kwenye taksi moja abiria wakigombana mpaka dereva akazima radio. Wengine walisema amekwenda kuwapigia Wazungu. Mwaka uliofuata akatoa Control, na rumba ilikuwa imerudi. Mimi ninaona ni mfanyabiashara mwenye maduka mawili, na sioni ubaya wowote. Anayeumia ni yule asiye na duka hata moja.

Tusidanganyane pia kwamba muziki wa Kongo ulizaliwa mrefu. Indépendance Cha Cha, ambayo Grand Kallé na African Jazz waliirekodi Bruxelles mwaka 1960, ni ya dakika tatu hivi. Disiki za wakati ule hazikuweza kubeba zaidi. Baadaye, kwenye disiki ndogo za 45, wimbo mrefu uligawanywa mara mbili: maneno upande wa kwanza, na mara nyingi sebene upande wa pili, hivyo mtu wa radio alilazimika kuigeuza. Zilipoenea disiki kubwa za 33, wakubwa kama Franco na Tabu Ley wakapata nafasi ya kujinyoosha, wimbo mmoja ukaweza kula upande mzima. Chombo kilipokuwa kikubwa, wimbo ulikuwa mkubwa. Leo chombo ni simu, na kidole cha msikilizaji kiko tayari kupita.

Hata kupunguza watu si jambo jipya. Zaïko Langa Langa, iliyozaliwa Kinshasa tarehe 24 Desemba 1969, ilikuwa ya vijana walioacha tarumbeta na saksafoni za okestra kubwa, wakaweka mbele gitaa, dramu na sauti. Babu yangu aliita hiyo kelele za wanafunzi. Lakini angalia walichofanya na nafasi waliyoipata: waliipa sebene. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, ndani ya Zaïko hiyohiyo, akaingia atalaku, mtu wa kupiga kelele za kuchezesha watu. Walipunguza pembeni ili katikati pawe na moto zaidi. Kukonda kwa leo ni kwingine. Tunabakiza kiitikio, tunaondoa mahali ambapo gitaa tatu zinazungumza na watu wanainuka kwenye viti.

Sisemi vijana hawana kipaji. Innoss’B, jirani yetu wa Goma, alitoa Yope mwaka 2019, akairudia na Diamond Platnumz, na video hiyo imeangaliwa zaidi ya mara milioni 100. Ngoma ya ndombolo imo ndani, imebanwa tu. Wimbo mmoja wa mtoto wa Kivu ulifika mbali kuliko okestra nyingi za Kinshasa, na ninaupiga kwa furaha.

Shida ninaiona kwa baba yangu mdogo. Alikuwa mpiga solo wa okestra ya kartie huko Bagira, watu kumi na mmoja, wenye sare moja ya shati. Walikuwa wanapiga kwenye ndoa na sikukuu. Okestra hiyo ilihitaji gari ya kubeba ampli, ilihitaji umeme, na umeme ukikosekana ilihitaji jenereta na mafuta yake. Mwenye ndoa akipiga hesabu, anamwita kijana mmoja na kompyuta yenye betri. Ningekuwa mimi mwenye ndoa, sijui kama ningechagua tofauti. Katika wale kumi na mmoja, leo wawili wanapiga kanisani, mmoja anaendesha pikipiki, wengine wamehama.

Mwaka jana mwenye studio ndogo huko Ibanda alimwita baba mdogo apige gitaa kidogo. Alipiga sekunde ishirini, akapewa dola kumi. Baada ya miezi mitatu tulikuwa tunakula pamoja, wimbo wa kijana mmoja ukapita kwenye radio, na yeye akaacha kijiko hewani. Zilikuwa sekunde zake zilezile, zimerudiwa toka mwanzo mpaka mwisho, bila kubadilika hata kidogo. Alihesabu kwa vidole. Akaniuliza: «Mimi nilipiga mara moja, mashine imerudia mara nane. Wananilipa mara ngapi?» Kilichomuuma zaidi hakikuwa pesa. Alisema angeachwa aendelee, mara ya pili angeigeuza, ya tatu angepanda juu, ya nne angemwachia besi aseme neno lake.

Nimemwomba mkuu wa vipindi saa moja kila siku ya Mungu jioni, ya nyimbo nzima zisizokatwa. Amenipa dakika 30, kwa majaribio. Nimepiga hesabu: ni Mario mara mbili, na dakika mbili za salamu.