Viazi vya Kipepeo: Kutoka Kongowea Hadi Jiko la Juu, Mji wa Kale



Atakaye kuijua Mombasa na akifuate chakula chake, tangu kinaposhushwa kwenye lori hadi kinapopakuliwa kwenye sinia. Njia hiyo niliipita Alhamisi moja baada ya Alfajiri, nikitafuta viazi kumi na viwili vilivyolingana ukubwa.

Viazi hivyo vilikuwa vya chakula cha mchana cha Ijumaa katika nyumba ya marehemu baba yetu, Mji wa Kale. Baada ya swala ya Ijumaa tulikuwa tumealikwa, sisi ndugu wanne, tusomewe hesabu ya mirathi. Tangu hitima ya baba, kaka zangu wawili walikuwa hawajala pamoja. Mmoja alitaka nyumba iuzwe, kila mtu achukue chake. Mwingine hakutaka hata neno hilo litajwe. Shangazi yetu, dada yake baba, mjane asiyejaaliwa mtoto, ambaye ameishi katika nyumba ile tangu sisi tungali wadogo, aliposikia kwamba tutakutana alisema neno moja tu: "Basi mje mle."

Soko la Kongowea lipo ng'ambo ya daraja la Nyali, upande wa bara ya kaskazini. Asubuhi mapema mahamali huwa wanapiga mbio na mikokoteni, na ardhi imelowa maji ya mboga. Magunia ya viazi hupangwa kama kuta. Viazi hivi havioti vizuri kwetu pwani. Hupenda baridi na udongo wa nyanda za juu. Hutoka Nyandarua, Molo, Meru na Narok. Lori litokalo Ol Kalou husafiri zaidi ya kilomita 600 kabla ya kufika hapa. Na kiazi chenyewe ni msafiri wa mbali zaidi ya huko. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, ambako kililimwa maelfu ya miaka kabla ya Wahispania kukivusha bahari na kukipeleka Ulaya katika karne ya 16. Nchini mwetu kililetwa mwishoni mwa karne ya 19, na leo ni zao la pili la chakula baada ya mahindi. Hata jina tulilokipa, mbatata, ni neno lililovuka bahari: Wareno husema batata, na Wagujarati husema vivyo hivyo.

Aina iliyojaa sokoni ni Shangi. Ngozi yake ni nyembamba na huiva upesi, na ndiyo sababu inapendwa na wapishi. Lakini pia huchipua upesi. Anayeinunua kwa gunia na kuiweka hujikuta anapalilia shamba jikoni. Mama mmoja aliyekuwa akipanga mafungu yake chini ya mwavuli aliniona nikigeuza kiazi kimoja kimoja, akaniuliza kama ninakwenda kuvipika au kuviposa. Nilipomweleza ninachotafuta, aliinama akanichagulia mwenyewe. Vilivyokuwa na rangi ya kijani alivitenga. "Hivi vimepigwa jua, dada," alisema, "usimpe mtu." Ni kweli. Kiazi kilichogeuka kijani kwa mwanga huwa kimejiwekea sumu, na kupikwa hakuiondoi. Viazi vitiwe gizani, penye hewa, mbali na vitunguu, na vinunuliwe vya siku chache tu.

Nilipanda matatu na kikapu changu. Juu ya daraja, mkono wa kushoto, Mji wa Kale huonekana umeketi juu ya maji, nyumba zake zimekaribiana kama watu waliojibana kwenye mkeka mmoja. Nilishuka Marikiti, nikanunua bizari nyembamba, pilipili manga na kitunguu thomu, kisha nikaingia vichochoro vya Kibokoni kwa miguu. Mabaraza yalikuwa bado baridi. Harufu ya mahamri ilikuwa imetangulia kila kona.

Nyumba yetu ina ngazi nyembamba inayopanda hadi jiko la juu, karibu na paa, kama zilivyojengwa nyumba nyingi za zamani ili moshi uondoke na joto lisishuke vyumbani. Jiko hilo halina joko la umeme wala la gesi. Lina seredani mbili, sufuria nzito za marehemu bibi, na dirisha moja linalopokea upepo wa bahari.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na mbatata? Nami nilidhani utakuja na mbuzi."

Tulicheka wote wawili, kwa kuwa sote tulijua hali ilivyo. Mwezi ule haukuwa na mbuzi. Ulikuwa na samaki wa kupaka, wali, na kachumbari. Ndiyo maana nilitaka kando ya samaki yule pawe na sahani ya heshima isiyodai gharama. Viazi karai na bhajia tunavila kila jioni. Mgeni havioni tena. Nilikumbuka viazi nilivyokula katika harusi moja, vimekatwa vipande vyembamba pasipo kutenganishwa, vikaokwa vikafunguka. Asili yake ni mkahawa uitwao Hasselbacken, mjini Stockholm, Uswidi, nao ndio uliovipa jina huko kwao. Shangazi alipovitazama baadaye hakuwa na haja ya jina hilo. "Hivi ni vipepeo," alisema, akinyanyua kipepeo chake cha ukindu kutoka kando ya seredani. Tangu hapo ndivyo vinavyoitwa kwetu.

Namna ya kuvitengeneza ni hii.

Chukua viazi kumi na viwili vya wastani, kama kilo mbili, virefu kidogo, vinavyolingana ili viive pamoja. Visugue vizuri kwa maji, wala usivimenye. Ngozi ndiyo itakayovishikilia. Kata kipande chembamba upande mmoja wa kila kiazi ili kipate kukaa bila kubingirika. Kisha kiweke juu ya kibao, katikati ya mipini ya miko miwili ya mbao, mmoja huku na mmoja huku. Ukishusha kisu, mipini itakizuia kisifike chini. Kata hivyo kwa upana wa milimita tatu hivi, kutoka mwanzo hadi mwisho wa kiazi.

Kiazi changu cha kwanza kilikatika vipande viwili. Nilikuwa nimeondoa mwiko mmoja kwa haraka. Shangazi alikichukua, akakitia kwenye bakuli la mchuzi wa kesho, akanirudishia kisu.

"Kukata lazima," alisema, "lakini kisu kisifike chini."

Nilimtazama usoni nijue kama alikuwa akisema viazi. Hakuniangalia. Alikuwa akipepea moto.

Vikishakatwa, vitie katika maji baridi yenye chumvi kwa dakika kumi. Maji huondoa wanga ulio juu ya mikato, nao ndio unaogandisha vipande visifunguke. Kisha vipanguse kwa kitambaa safi hadi vikauke kabisa. Kiazi chenye maji huchemka, hakiokeki. Yeyusha vijiko vitano vya samli, utie punje nne za kitunguu thomu zilizopondwa, kijiko kidogo cha bizari nyembamba iliyokaangwa na kusagwa, pilipili manga, na chumvi. Vipake viazi nusu ya samli hiyo, juu na pembeni.

Mwenye joko alipashe moto hadi nyuzi 200, aoke dakika thelathini. Hapo mikato itakuwa imeanza kuachana. Avitoe, apitishe samli iliyobaki katikati ya vipande, kisha avirudishe kwa nusu saa nyingine, hadi kingo ziwe rangi ya dhahabu na kijiti kipenye katikati bila kusukumwa.

Asiye na joko asisikitike, kwani bibi zetu walioka mikate na keki kabla ya swichi kufika mjini. Sufuria pana na nzito hutiwa mchanga mkavu na safi kiasi cha vidole viwili, ikawekwa juu ya makaa machache hadi mchanga upate moto. Sinia dogo la bati lenye viazi huwekwa juu ya mchanga, sufuria ikafunikwa kwa mfuniko wa bati, kisha makaa hupaliwa juu yake. Kanuni ni moja: moto wa juu uwe mwingi kuliko wa chini. Wa chini ukizidi, viazi huungua makalio navyo juu bado vyeupe. Kwa njia hii huchukua saa moja na robo hivi, na dirisha liwe wazi, kwa kuwa hewa ya makaa ni hatari katika chumba kilichofungwa.

Wakati vinaiva, shangazi alikuna nazi kwenye mbuzi akasaga chatne: nazi, dania, pilipili mbichi, chumvi na ndimu. Hiyo hupakuliwa kando, wala haimwagiwi juu, ili viazi visilegee.

Hayo tuliyafanya siku ile ya Alhamisi kwa viazi vichache, ili tuujaribu moto. Usiku nililala hapo. Shangazi alinionyesha sanduku alilokuwa ameanza kufunga nguo zake. Aliniambia kwa utulivu kwamba anaijua sheria: ndugu wa marehemu hana fungu penye watoto wa kiume. "Sina malalamiko," alisema. "Haki ya Mungu ni haki. Mimi nataka niache jiko safi." Sikupata jibu la kumpa.

Ijumaa adhana ya msikiti wa Mandhry ilitufikia tukiwa tumekwisha kupanga viazi vyote kwenye sufuria mbili. Wanaume walipotoka kuswali tulipalia makaa. Waliporudi, shekhe akiwa pamoja nao, nyumba nzima ilinukia samli na bizari. Tulipakua chini dari ya kwanza: sinia la wali, samaki wa kupaka, na katikati viazi vimepangwa duara, kila kimoja kimefunguka kama kipepeo, kingo kavu zenye kulia menoni na ndani laini. Mdogo wetu alikishika kimoja akavuta kipande, kikatoka chembamba kama karatasi, na vingine vyote vikabaki mahali pao. Kaka mkubwa akakinyooshea mkono kile kile. Hawakusema kitu. Walikimaliza kiazi kimoja wawili, wakachukua cha pili.

Baada ya kunawa, shekhe alisoma hesabu. Deni la baba lilikuwa limelipwa. Kilichobaki ni mafungu sita: kaka zangu mawili mawili, mimi na dada yangu moja moja. Hakukuwa na la kubishana hapo. Kisha shekhe akafunga daftari, akatukumbusha kwamba Kitabu chetu hakikumsahau jamaa anayehudhuria ugawaji naye hana fungu. Kimeagiza apewe chochote na asemezwe kwa wema. Hakumtaja mtu. Lakini sote tulikuwa tukisikia sahani zikioshwa juu.

Kimya kilikuwa kirefu. Kaka anayetaka kuuza ndiye aliyekivunja. Alisema nyumba itauzwa, hilo hajalibadili, ila si kabla ya shangazi kupatiwa makao anayoyaridhia mwenyewe, na kwamba atatoa katika fungu lake. Mdogo wetu akasema naye atatoa. Sisi madada tukasema vivyo hivyo. Kaka mkubwa akaongeza kwamba kama ndivyo, basi hakuna haraka. Tukutane tena Ijumaa ijayo, hapa hapa, tulizungumze vizuri.

Nyumba, basi, haikuokolewa siku ile. Huenda tutakapokuwa tumemaliza mazungumzo itakuwa ya mtu mwingine, na jiko la juu litawekewa joko la umeme, na hakuna atakayejua ni nani aliyekuwa akipalia makaa pale. Hilo limo katika haki ya wanaorithi, na haki ni lazima itekelezwe. Lakini nilipopanda kumsaidia shangazi, nililikuta sanduku limefunguliwa, kanga mbili zimerudishwa kwenye kamba, naye ameketi kwenye kibao cha mbuzi akihesabu viazi vilivyobaki kikapuni.

"Vitano," alisema. "Ijumaa havitatosha. Utapita Kongowea?"

Nilimwambia nitapita, inshaallah.

Nasi tunawaombea wasomaji wetu, hasa majumba yaliyo katika kugawana, Mwenyezi Mungu awape haki yao na awaachie udugu wao. Wabillahi tawfiq.