Kimathi Hakufariki Tu

Wasee, wiki jana niliingia kwenye kamusi elezo ya mtandaoni kuhariri makala ya Dedan Kimathi. Nilidhani ni kazi ya saa moja: weka nukta, ondoa herufi kubwa zisizo na kazi, enda ulale. Manze, nimemaliza siku ya nne, bando mbili zimeisha.

Neno la kwanza kunikwaza lilikuwa "alifariki". Ati Kimathi alifariki tarehe 18 Februari 1957. Kisarufi hakuna kosa. Lakini kufariki ni kwa mzee aliyelala usiku na asubuhi hakuamka. Kimathi alinyongwa katika gereza la Kamiti akiwa na miaka 36, na walioamua anyongwe ni serikali ya kikoloni ya Uingereza. Ukiandika "alifariki", hakuna aliyefanya kitu. Ni kama malaria. Nikaandika alinyongwa, nikataja nani, nikataja wapi.

Halafu kulikuwa na kosa lenyewe: ati alishtakiwa kwa kuongoza Mau Mau. Hapana. Alipelekwa mahakamani Nyeri kwa kupatikana na bastola na risasi. Chini ya sheria za Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952, hilo pekee lilitosha kumpeleka mtu kwenye kitanzi. Ona tofauti. Mtu wanayemsaka miaka yote hiyo kwa sababu ya vita vya ardhi na uhuru, lakini kwenye karatasi kesi yake ni bunduki tu.

Hapo nikapata moto. Nikaongeza "shujaa shupavu asiyejua woga". Mhariri mwenzangu, simjui hata sura, akaniuliza swali moja: nani anasema hivyo? Nilikasirika. Nikaanza kuandika jibu refu kuhusu wakoloni, nikafika katikati nikasimama. Kumbe wakoloni nao walifanya hivyo hivyo. Walimwita gaidi ili msomaji asijisumbue kufikiria. Mimi nilikuwa naweka shujaa kwa sababu ile ile.

Nikafuta langu. La gaidi nikaliacha, lakini nikalipa mwenyewe: serikali ya kikoloni ilimwita gaidi. Kisha nikapanga mambo yaliyotokea. Mau Mau ilipigwa marufuku mwaka 1950, na marufuku hiyo iliondolewa 2003, miaka 40 baada ya Uhuru. Sanamu yake Nairobi, kwenye barabara yenye jina lake, ilizinduliwa 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu anyongwe. Mjane wake, Mukami, aliomba kwa miaka mingi aonyeshwe mahali mumewe alipozikwa, ili amzike kwa heshima. Alikufa Mei 2023 bila kumzika. Ukisoma hayo huhitaji mimi nikuambie ujisikie vipi.

Sasa ngoma ngumu. Kumbukumbu za kesi yake zilichapishwa kwenye kitabu mwaka 2017, na ndani yake Kimathi mwenyewe anajitetea kwamba siku aliyokamatwa, 21 Oktoba 1956, alikuwa njiani kujisalimisha. Mtu alikuwa ameiweka kwenye makala, mwingine akaifuta. Na nitasema ukweli, mimi pia nilitaka ibaki imefutwa. Huyu ndiye tunayemweka kwenye fulana. Lakini huyu pia ni mtu aliyepigwa risasi, mbele yake kuna jaji anayeweza kumnyonga. Alisema kweli? Alikuwa anapigania roho yake? Kazi yangu si kukisia. Sikuandika "alikuwa anajisalimisha", na sikuandika "alidanganya". Nikaandika "aliiambia mahakama kwamba". Maneno matatu tu, lakini yamerudisha sauti yake mwenyewe kwenye makala yake.

Nikafika kwa wasaliti. Makala ilisema Kimathi aliangushwa na "wasaliti wa homugadi". Hapo nikafunga simu nikaenda kukaa nje.

Guka wangu alikuwa homugadi. Kwetu haisemwi, inajulikana tu. Nikampigia shosho, nikamuuliza guka aliingiaje. Akanyamaza. Halafu akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Akasema mvua bado haijanyesha huko, tukaagana.

Nimeondoa "wasaliti". Nimeandika kwamba homugadi walikuwa kikosi cha Waafrika kilichoundwa na serikali kupigana na Mau Mau. Kwamba wengine waliingia kwa kulazimishwa, wengine kwa woga, wengine kwa kutafuta mali. Na kwamba aliyempiga Kimathi risasi alikuwa askari polisi Mwafrika. Najua kuna msee atasema namfichia guka. Ndiyo maana sentensi iliyofuata, inayosema homugadi walipiga na kutesa watu vijijini, sikuigusa. Nilitafuta sababu ya kuipunguza, lugha mbovu, kurudia, chochote. Ilikuwa imeandikwa sawa. Nikaiacha.

Kuna mtoto wa shule mahali fulani atanakili makala hii kama ilivyo na kumpelekea mwalimu. Hatajua nilibishana na nani. Atajua tu kwamba Kimathi alinyongwa, na walionyonga wana jina.

Wewe nawe, tafuta makala ya mtu wa kwenu leo. Usianze na nukta. Anza na vitenzi: alifariki, alitoweka, aliondolewa. Kila ukiona kimoja, uliza nani alifanya. Na jibu likitokea ni mtu wenu, andika tu.