Kiti cha Mtu wa Shifti

Kiwanja cha mpira cha kambi yetu hakikuwa na kiti hata kimoja. Kampuni ilikisaza kati ya vitalu viwili vya majani chai, mahali ambapo mteremko ulipungua bila kwisha, kwa hiyo timu iliyopanda mlima kipindi cha kwanza ilijua itafaidi cha pili. Watazamaji tulikaa kwenye ukingo wa nyasi, wazee mbele na watoto popote. Kila Jumapili kambi moja ilimenyana na nyingine. Saosa, Kitumbe, Changana, Marinyn na Chomogonday kwetu yalikuwa majina ya timu kabla hatujajua kwamba ni majina ya mashamba.

Mpira huo ulikuja na wafanyakazi. Kampuni za Uingereza zilipoanza kupanda chai kwa wingi Kericho miaka ya 1920, ziliandika watu kutoka Kisii na sehemu nyingine za Nyanza, na Magharibi, pamoja na Wakipsigis wenyewe wa hapa. Wenyeji walisifika zaidi kwa mbio. Wilson Kiprugut Chuma, mzaliwa wa Kericho, ndiye aliyeipa Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800 kule Tokyo mwaka 1964. Lakini Jumapili jioni wote tulikuwa kwenye ukingo ule, na hakuna aliyewaza kumuuzia mwenzake nafasi ya kukaa. Ukichelewa, unasimama.

Tulichokuwa tumezoea kuachiana ni namba. Mchumaji alijulikana kwa namba yake penye mizani: karani anapima kikapu, anataja kilo, anaandika. Mtu akiugua au akiitwa msibani nyumbani, mkewe au jirani aliingia shambani kwa namba ile ile, na mwisho wa mwezi walielewana wao kwa wao. Msimamizi alijua, akanyamaza, mradi yaletwe majani mawili na chipukizi, si matawi. Ndiyo maana biashara ya viti ilipofika haikumshangaza mtu. Nafasi ni yako; usipokuwepo, mwenzako ataishika, na mtagawana.

Ukumbi wa video ulifunguliwa sokoni, kando ya barabara ya Kericho, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ligi ya Uingereza ilipoanza kututeka. Kuta zilikuwa za mabati, mabenchi ya mbao za msaiprasi, televisheni ikawekwa juu kabisa ili wa nyuma wasilalamike. Mlangoni ulilipa bob ishirini. Mwenye ukumbi alikuwa na shida ya hesabu: Man United na Arsenal wakikutana, watu walijaa hadi madirishani, Bolton wakicheza na Blackburn, alibaki na wale waliokimbia mvua. Akaja na wazo. Lipia msimu mzima, Agosti hadi Mei, upate nafasi ya kudumu kwa bei nafuu. Alipaka namba kwa rangi nyeupe kwenye mabenchi, akaweka daftari nene mlangoni, majina kushoto, malipo kulia. Wakulima waliouza chai yao kupitia KTDA walimaliza deni bonasi ilipoingia Oktoba. Sisi wa kambini tulilipa kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi.

Shida ni kwamba chai haingoji mtu. Jani likishachumwa lazima linyaushwe, lisagwe na likaushwe kabla halijaharibika, na msimu wa mvua kiwanda hufanya kazi usiku na mchana. Mechi za Jumamosi nazo zilianza saa kumi na moja jioni, na kuanzia mwisho wa Oktoba, Waingereza wakirudisha saa zao nyuma, zikaanza saa kumi na mbili. Zile za Ulaya za katikati ya wiki zilikaribia saa tano usiku. Ratiba ya shifti ilibadilika kila wiki bila kuuliza Arsenal inacheza na nani. Aliyelipia msimu akajikuta kiwandani saa ile ile ambayo kiti chake kilimhitaji.

Fundi mmoja wa boila alikuwa na nafasi ya mbele kabisa. Mazungumzo yake na aliyeinunua nayakumbuka kwa sababu yalirudiwa mara nyingi, maneno yakibaki yale yale.

“Ndugu, kesho niko boila. Kiti changu kitakaa bure.”

“Unataka ngapi?”

“Hiyo ishirini ya mlangoni tu. Na usitupe maganda ya njugu pale chini, mimi ndiye ninayelaumiwa.”

Hata siku ya mechi kubwa aliomba ishirini. Hakukuwa na kanuni iliyomzuia kuomba hamsini. Kilichomzuia ni kwamba yeye na mnunuzi wangekutana kesho yake kwenye foleni ya maji, kisha kanisani, kisha getini pa kiwanda. Ukimkamua mtu siku ya Arsenal, atakukumbuka siku utakayotafuta wa kukushikia shifti.

Mvua ndiyo iliyoleta ugomvi wa kwanza. Huku kwetu hunyesha alasiri karibu mwaka mzima, na mara nyingine ni mvua ya mawe, ile inayochanachana majani hadi michai ibaki vijiti. Ikianza kupiga mabati, mtangazaji hasikiki. Ikizidi, dishi hupoteza mawimbi na picha hukwama: mpira uko hewani, kipa amenyoosha mikono, na ukumbi mzima unamtazama kipa yule huku mtu mmoja akiwa juu ya paa anazungusha dishi na kuuliza, “Imerudi?” Jioni moja haikurudi. Aliyekuwa amenunua kiti cha mwenzake alitaka pesa zake. Mwenye ukumbi akasema yeye anamjua tu mtu aliye kwenye daftari. Mwenye kiti naye akajibu kwamba aliuza benchi, hakuuza mawingu.

Baada ya ubishi huo ikatoka kanuni. Anayejua hatakuja amwarifu mwenye ukumbi kabla ya adhuhuri. Kiti kitauzwa pale mlangoni kwa bei ya siku zote, nusu itaandikwa kwenye daftari kama akiba ya mwenye kiti kwa msimu ujao, nusu inabaki na ukumbi. Tulinung’unika, kwani nusu ni nusu. Lakini mabenchi yalijaa, na anayedai alijua wa kumdai.

Miaka mingi baadaye niliposoma jinsi vilabu vya Uingereza vinavyoendesha tiketi za msimu, nilikuta kanuni ile ile. Msimu una mechi 19 za ligi nyumbani. Mwenye tiketi asiyeweza kufika anairudisha nafasi yake kwenye soko la klabu yenyewe, klabu inaiuzia mwanachama mwingine, na mwenye tiketi anahesabiwa fungu lake. Vilabu vingine vimeanza kumnyang’anya tiketi mtu anayeacha kiti chake kitupu mara nyingi mno. Kumuuzia mtu barabarani ni jambo jingine: huko Uingereza na Wales, kuuza tiketi ya mpira bila idhini ni kosa la jinai kwa sheria ya mwaka 1994. Jaji Taylor, aliyechunguza maafa ya Hillsborough ya 1989, alikuwa amependekeza ulanguzi huo upigwe marufuku, na sababu yenyewe ni ya usalama. Mlanguzi hajali anamuuzia nani, hivyo humketisha shabiki wa timu moja katikati ya wapinzani wake. Kumbe wenzetu walilazimika kuandika kwenye sheria jambo ambalo sisi tulilindwa nalo na foleni ya maji.

Ulinzi huo haukudumu. M-Pesa ilianza mwaka 2007, na haikuchukua muda mrefu kabla watu wa Litein, Kapkatet na hata Sotik kuweza kununua nafasi ukumbini kwetu bila kumwona muuzaji. Kijana mmoja mwenye duka la simu alilipia viti kadhaa mwezi wa Agosti, na sikuwahi kumwona amekaa hata kwenye kimoja. Kiti cha ishirini kikafika mia siku ya mechi kubwa. Watu wa shifti tulikuwa wa kwanza kumsema vibaya, na ni sisi hao hao tuliomuuzia, kwa sababu alilipa papo hapo na hakutaka nusu yetu ibaki kwenye daftari.

Hata hivyo sitaki kuupamba mpango wa zamani. Wanawake walikuwa wengi miongoni mwa wachumaji, ila daftari lile halikuwa na jina la mwanamke hata mmoja. Kiti kilipita kwa mtu hadi kwa rafiki yake, na marafiki wenyewe walikuwa wanaume waliokuwa wakishinda pamoja. Mgeni aliyehamia kambini angeweza kukaa miaka bila kuambiwa kwamba kuna nafasi. Kujuana kulishusha bei, na pia kulifunga mlango.

Ukumbi ulikufa pole pole. Dekoda za bei rahisi ziliingia majumbani, kisha mpira ukaingia kwenye simu. Mashine za kuchuma chai ziliwapunguza watu kambini, na uchungu wake ulionekana Mei 2023, waandamanaji walipozichoma mashine kadhaa Kericho. Jengo la ukumbi sasa linauza mbolea na chakula cha ng’ombe.

Kwa muda mfupi tulipata mpira mkubwa wa nyumbani. Zoo Kericho walipanda Ligi Kuu mwaka 2017, na pale Green Stadium ulikata tiketi ya karatasi mlangoni, ukachagua pa kukaa. Timu kubwa za Nairobi zilipokuja uwanja ulichangamka. Siku nyingine ungeweza kulala kwenye jukwaa ukajinyoosha. Hakuna aliyelangua tiketi ya mechi ambayo viti vinambembeleza mtu. Mwaka 2021 FIFA iliwaondoa Zoo ligini kwa upangaji wa matokeo, na hayo yakaisha.

Kisha ikaja CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, Agosti 2025. Kenya iliifunga DR Kongo, ikatoka sare na Angola, ikaichapa Morocco bao moja kwa bila huku ikiwa na wachezaji kumi. Kericho na Bomet kila mtu alitaka kwenda uwanja wa Kasarani, Nairobi. Kutokana na vurugu za mashabiki kuingia kwa nguvu, shirikisho la mpira la Afrika, CAF, lilipunguza watazamaji hadi 27,000 kwa mechi ya Zambia na kuagiza tiketi za kielektroniki pekee. Mpwa wangu wa kike, anayefundisha shule ya msingi Bomet, alikuwa amenunua yake mapema kwa simu. Hakuhitaji rafiki wa benchi wala ruhusa ya mwanamume yeyote, na nilifurahi kuona hivyo. Rafiki yake alichelewa, akanunua kwenye kundi la WhatsApp kwa mtu asiyemjua, kwa bei maradufu. Alichotumiwa ni picha ya tiketi, na picha moja huweza kutumwa kwa watu wengi. Tiketi ya namna hiyo inamwingiza anayetangulia kuisomesha langoni. Yeye alikuwa wa pili, akaitazama mechi kwenye simu yake, nje ya ukuta.

Mwaka 2027 Kombe la Afrika linakuja Kenya, Uganda na Tanzania, na safari hii huenda tiketi zikakatwa miezi kabla. Katikati hapo ratiba zitabadilika, watoto wataugua, mito itafurika, kiwanda kitaita watu. Wapo watakaokuwa wamelipia wasiweze kwenda, na wengi wao hawatakuwa walanguzi. Nchi hizi hazina haja ya kuanza na kesi mahakamani. Zianze na kile mwenye ukumbi wetu aliweza kukifanya kwa daftari na kalamu: pale ilipouzwa tiketi, pawepo pa kuirudisha kwa bei iliyonunuliwa, ya zamani ifutwe, na anayefuata kwenye foleni apewe mpya yenye jina lake. Makato kidogo ya gharama hayatamkera mtu. Akikosa pa kuirudisha, mtu wa shifti ataipeleka kwa mlanguzi, kama tulivyofanya sisi, na sitakuwa na neno la kumlaumu.