Maharage Hulowekwa Usiku

Wahenga walisema mganga hajigangi. Mimi niliyewafunza walimu kwa miaka 31, ya mwisho nikiwa mkuu wa chuo, ni shahidi wa msemo huo.

Chuoni kwetu wanachuo wa kiume walipika, waliteka maji na kudeki mabweni kwa zamu sawa na wenzao wa kike, maana ndivyo tulivyoielewa Elimu ya Kujitegemea. Katika vipindi vya siasa nilifundisha Azimio la Arusha la mwaka 1967, ambalo lilisema wazi kuwa wanawake wa vijijini hufanya kazi kuliko watu wote nchini. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilipoamua, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, kuwa kazi za nyumbani anazofanya mke ni mchango wake katika kuchuma mali ya ndoa, niliisifu hukumu hiyo mbele ya walimu wenzangu. Kisha nikarudi nyumbani, nikaketi, nikangoja kutengewa chakula.

Mke wangu naye alikuwa mwalimu, tena mwenye vipindi vingi kuliko mimi.

Mwaka 1987 aliteleza kisimani akavunjika mkono wa kulia. Nikamwambia asihofu, nitamsaidia. Nikachukua karatasi, nikapanga ratiba kama ya shule: kuamka saa kumi na moja alfajiri, kuwasha mkaa, kupika uji, kuwaogesha watoto. Asubuhi ile nilijiona hodari. Jioni, saa kumi na mbili, nikabandika maharage. Hadi saa tatu usiku yalikuwa bado magumu kama kokoto, mkaa umekwisha, na watoto wamelala mkekani na njaa zao.

"Hukuniambia kwamba hulowekwa tangu usiku," nikamlalamikia.

"Baba Rehema," akajibu bila kupandisha sauti, "na mimi huniambia nani?"

Usiku ule sikupata usingizi. Kumbe ratiba yangu iliorodhesha kazi za mikono tu. Haikuwa na nafasi ya kukumbuka: kwamba chumvi imebaki kidogo, sare ya mtoto imechanika, kesho ni siku ya kliniki. Hayo yote mwenzangu aliyabeba kichwani huku akisahihisha madaftari. Nami, hata niliposhika mwiko, nilingoja kuagizwa, na wa kuniagiza alikuwa mgonjwa.

Mkono ulipopona nilimwomba aniachie jambo moja liwe langu kabisa, si la kumsaidia. Akanipa maharage: kuyanunua, kuyachambua, kuyaloweka, kuyapika. Mengine yalifuata polepole, mojamoja, kwa miaka.

Ninyi mnaoanza ndoa, mnapogawana kazi, gawaneni na kukumbuka.

Sasa nina miaka 74, na maharage bado ni yangu. Nikisahau kuyaloweka, hanikumbushi. Siku hiyo tunakula dagaa.